Zamu ya Mtani

Nyumba ya Kuluthum pale Bondeni, Nakuru, haikujua kufungwa mlango. Asubuhi watu walikuja kununua mahamri wakakaa mpaka adhuhuri, na adhuhuri wakaja wengine kuuliza wale wa asubuhi walikuwa wakisema nini. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani kafukuzwa kazi reli, mzungu gani wa Njoro anauza shamba arudi kwao, hukuwa na haja ya kwenda mbali. Ungeketi barazani kwake ukapewa kahawa chungu, na kabla kikombe hakijapoa ungekuwa umejua zaidi ya ulichokuja kutafuta. Mumewe Muhidin, ambaye alikuwa mpishi kwenye mabehewa ya reli na hivyo akilala nyumbani siku moja moja, alikuwa akilalamika kwamba kila akirudi safari lazima apige hodi kwa wageni.

"Na wewe si mgeni?" Kuluthum humwambia. "Kaa hapo nje, utaitwa."

Basi mwaka ule wa hamsini na saba, Shangazi Mboni alipoteremka kwenye lori la mahindi lililotoka Rongai, baraza lilikuwa limejaa kama kawaida. Akaonekana tangu kule pembeni mwa msikiti, leso moja kichwani na nyingine kiunoni, kuku wawili mkononi wameinamisha vichwa. Maneno yakakatika. Wanawake wakasogea kumpisha, na Samsam, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza, akaanza kukunja leso yake magotini kama mtu aliyetumwa kazi hiyo.

"Mbona mmepoa?" Shangazi Mboni akauliza. "Mlikuwa mkinisengenya?"

"Tukusengenye kwa lipi, shangazi? Karibu," Kuluthum akasema, akamshika mkono akaubusu, akachukua kuku.

"Nimekuja kumsomea mwanangu hitima." Alisema hayo hata kabla hajaketi. "Ijumaa baada ya alasiri. Maalim nimeshampitia, amekubali. Na safari hii nataka mtani."

Kuluthum akawatazama wale kuku. "Mtani, shangazi?"

"Mtani. Mwanangu hakutaniwa. Aliondoka kama mpagazi aliyeshuka stesheni, hana anayemjua. Nimechoka kumwota amesimama mlangoni haingii wala hatoki."

"Tutamtafuta nani sasa, shangazi, watu wenyewe wametawanyika..."

"Kaka yangu alizaa watoto wangapi?" Shangazi Mboni akauliza, na alikuwa akijua jibu, na kila aliyekuwa barazani alilijua. "Alikuzaa wewe. Basi mtani ni wewe."

Kwa watu wa nyumba ile, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani tangu wakiwa kwenye maziwa. Mtani anaweza kukuvua nguo mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa. Ukirushiwa neno unarusha lako, ukirudishiwa unarudisha, zamu kwa zamu, mpaka mmoja aishiwe. Na hakuna kusema "natania". Anayesema "natania" amekubali kwamba amelemewa, watu watamzomea mwezi mzima. Mmoja akifa, yule aliyebaki ndiye anayeingia matangani amevaa nguo ya marehemu, anamwigiza alivyokuwa akitembea na kula, anamtukana matusi ya mwisho, na hatoki mpaka wafiwa wacheke. Hapo ndipo mtu amezikwa.

Darweshi hakupata hayo. Alikuwa mtoto wa pekee wa Shangazi Mboni, kijana wa kutengeneza baiskeli, akifanyia kazi yake papo hapo kwenye ngazi za baraza la Kuluthum kwa sababu pale palikuwa na watu na harufu ya mahamri. Alikufa kwenye kambi ya kizuizini kwa homa ya matumbo katika miaka ile ya emajensi, ya hali ya hatari, huko chini njia ya Mombasa, na huko huko akafukiwa. Habari ilipofika Nakuru, watu walikuwa hawaruhusiwi kukusanyika. Walikuja wachache wakasoma kwa kunong'ona, mlango umerudishwa, nao Kuluthum alikuwa chumbani amejifunika blanketi mpaka utosini, anasema ana homa. Hakuwa na homa.

Tangu hapo hakuna aliyewahi kumwambia neno. Hilo ndilo lililomla. Laiti shangazi yake angemjia na mwiko! Laiti Samsam angemrushia kijembe hata kimoja cha ukutani! Lakini watu, kila walipoeleza kisa, walisema, "Askari walimchukua Darweshi." Walimchukua, basi. Kama mvua inavyochukua daraja. Wakifika kwenye kipande chake yeye Kuluthum wanakipita kwa kunyanyua miguu, kama watu wanaomruka mtoto aliyelala mkekani. Naye akawa anazidi kujaza nyumba, anazidi kumimina kahawa, kwa kuwa nyumba ikipoa tu anaisikia sauti yake mwenyewe ya siku ile.

Siku ile ilikuwa ya msako. Malori yalizunguka Bondeni tangu alfajiri, askari wakiwatoa Wakikuyu nyumba kwa nyumba. Baraza lilikuwa tupu; Samsam na wanawake wengine walikuwa wamejifungia, wanachungulia kwenye nyufa za madirisha. Darweshi peke yake ndiye aliyekuwa ngazini, amepindua baiskeli magurudumu juu, ananyoosha spoki, kofia yake ya kufuma imelala upande. Watu wa kofia, Waislamu, hawakuguswa sana. Kipande chake cha kitambulisho kiliandikwa Darweshi bin Abdalla, Mswahili. Kwamba huyo Abdalla, kabla hajasilimu na kumwoa Mboni, alikuwa Thuo, Mkikuyu, mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu kule Ndabibi, hilo lilikuwa jambo la nyumbani. Baba mwenyewe alikuwa amekufa Darweshi akiwa bado anatambaa. Kwa watani lilikuwa jambo la kuchekea tu, mzaha uliochakaa kama mkeka wa sebuleni.

Askari akaja, akakisoma kipande, akakigeuza nyuma na mbele, akamtazama Darweshi usoni, akakisoma tena. Kuluthum alikuwa amesimama mlangoni na sinia, roho iko kooni. Kisha askari akanyoosha mkono kumrudishia. Yaani kipande kilikuwa kiko hewani, kati ya mkono na mkono.

Ilikuwa furaha, Mungu ndiye shahidi. Roho ilimrudi kwa kishindo, na ilipomrudi ikamtoka kwa njia ile ile inayomtoka siku zote.

"Afande!" akasema, na sauti ya Kuluthum, kila mtu anajua, ikitoka Bondeni inasikika sokoni. "Unamrudishia ya nini? Huyo si wetu! Huyo tulimwokota Ndabibi zizini, ananyonya ng'ombe wa mzungu!"

Maneno hayo mtaa mzima uliyasikia. Na baada yake mtaa mzima ulimsikia anacheka.

Ijumaa ilipofika nyumba ilijaa kuliko sikukuu. Wanaume walikaa mbele na maalim, juzuu zikagawanywa, ubani ukapita. Wanawake walikuwa uani na masufuria. Kuluthum, ambaye pilau yake watu huifuata kutoka mitaa ya mbali, aliunguza vitunguu mara mbili, na mara ya pili Muhidin, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, akamsogelea akachukua mwiko.

"Fanya mawili matatu ukae," akamwambia polepole. "Mwigize anavyotembea. Watacheka, imekwisha."

"Na yale?"

"Yapi?" Muhidin akasema, huku akikoroga. Hata yeye aliruka.

Kisomo kilipokwisha na watu kula, Shangazi Mboni akatoka chumbani na koti la marehemu, lile la kijivu lililokuwa na mafuta ya mnyororo kwenye mkono wa kulia. Hakuwa amelifua. Akamvisha Kuluthum mwenyewe, akamfunga vifungo kama anayemvisha mtoto mdogo wa chuoni, akamgeuza kuelekea lango la uani.

"Haya. Ingia."

Kuluthum akatoka nje ya lango. Alisimama pale kichochoroni, na kama miguu ingemkubalia angeshika njia mpaka ziwani. Lakini ndani walikuwa wakimngoja watu wengi, kimya, na kama kuna kitu ambacho Kuluthum hakuwahi kukiweza maishani mwake ni kuwaacha watu wakikaa kimya. Akainua kola, akaingia.

Akaingia kwa mwendo wa Darweshi, ule wa kutupa bega moja kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Akasimama mbele ya sufuria tupu, akafunua kifuniko, akakitazama kama kioo, akajipanga nywele, akajikonyeza. Wanawake wakaanza kujiziba midomo. Akanusa ndani ya sufuria, uso umekunjamana. "Hii imekosa chumvi," akasema, kabla hajaonja, na hapo uani ukalipuka, kwa maana hakuna mke hata mmoja pale Bondeni ambaye Darweshi hakuwahi kumwambia hivyo. Shangazi Mboni alijipiga paja. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hayafuti.

"Ndiye! Wallahi ndiye!" akawa anasema.

Na Kuluthum, jamani, akaonja utamu. Miaka hiyo yote hakuwa amemtania mtu kwa moyo mweupe, na sasa watu walikuwa mkononi mwake kama unga uliokubali maji.

"Mtukane basi!" Samsam akapiga kelele kutoka nyuma. "Mtani gani hatukani?"

"Wewe Darweshi!" Kuluthum akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Wewe uliyekula pilau ya harusi yangu mpaka bwana harusi akalala na njaa! Wewe uliyewatongoza wasichana wa mtaa huu wote, na aliyekukubali ni mbuzi wa maalim, naye alikuwa akikufuatia ganda la ndizi! Umeondoka bila kuaga, nani kakufundisha adabu? Hao ng'ombe?"

Wakacheka, wengine wakashikana. Shangazi Mboni akainua mkono.

"Naye ajibu," akasema. "Mtani hawi mmoja. Mjibie."

Ndivyo inavyotakiwa: aliyevaa nguo ndiye anayemsemea marehemu. Kuluthum alikuwa na majibu mengi ya kubuni, alikuwa amepanga matatu tangu Jumatano. Akainamisha kichwa kama anayetazama gurudumu, akatafuta ile sauti ya Darweshi, ya chini, ya mtu ambaye hata akikutukana hainui macho kwenye kazi yake. Na alipoipata, sauti ilikuja na maneno yake yenyewe.

"Ni kweli, afande. Na yule ng'ombe aliyeninyonyesha alikuwa na sura kuliko huyu."

Hakuna aliyecheka.

"Alisema hivyo?" Shangazi Mboni akauliza. "Siku ile?"

"Alisema," Kuluthum akajibu, bado ameinama. "Hakuinua hata kichwa."

Shangazi yake alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka, si kile cha kujipiga paja, kingine, cha kutoka tumboni, kilichomfanya amshike Samsam bega asianguke. "Alikuwa na jibu!" akasema. "Mwanangu! Askari wamemsimamia, naye ana jibu! Sura kuliko huyu!" Na kila mtu akacheka naye, hata kule mbele wanaume wakaulizana kuna nini, na maneno yakapelekwa mlango kwa mlango, na kicheko kikasikika kikianza upya huko.

Ilikuwa katikati ya kicheko hicho ndipo Samsam akasema, "Kumbe!" Akasema tena, ametoa macho. "Kumbe mwenyewe aliitikia! Sisi tulisikia sauti ya Kuluthum tu! Kumbe yeye mwenyewe alimwambia askari ni kweli!"

"Alijitia mwenyewe, maskini," mwingine akasema.

"Ujana."

"Ulimi wake ndio uliomponza."

Miaka mitatu Kuluthum alikuwa amelificha jibu lile. Hakumwambia hata Muhidin. Alijua siku atakayolitoa litafanya hivi hivi, litamwendea marehemu mgongoni na kumtua yeye mzigo. Sasa lilikuwa limemtoka, nusu bahati mbaya, nusu hajui. Alihisi kitu kizito kinateremka kutoka mabegani mwake, na alipaswa kusema, "Hapana, sikilizeni," na hakusema. Alikiacha kiteremke. Alivua koti, akalikunja vizuri, akampa shangazi yake.

Watu walipoondoka, na Muhidin amelala na viatu, wawili hao walibaki uani wakiosha vyombo, jua likiwa limebakia kwenye mabati tu. Shangazi Mboni alikuwa akikwangua ukoko kwenye sufuria kubwa na kuutafuna. Alionekana ameshiba kitu.

"Nitalala leo," akasema. "Asante, mwanangu. Umenipa neno lake. Sikujua kama alibakisha neno."

"Shangazi..."

"Ngoja kwanza nikuulize, maana mimi sikuwepo. Wewe ulisema lako. Yeye akajibu lake." Aliweka kidole kimoja juu ya ukingo wa sufuria, kisha kingine. "Zamu ikawa ya nani?"

Kuluthum akasugua bakuli ambalo lilikuwa safi.

"Yangu."

"Na askari?"

"Alinitazama mimi. Alikuwa bado ana kipande mkononi. Alikuwa akiningoja niseme."

"Ukasema nini?"

Hapa ndipo palipokuwa, mahali ambapo watu wote waliruka. Angeweza kusema kwamba aliogopa. Shangazi yake angekubali, nani hakuogopa miaka ile?

"Sikusema kitu, shangazi. Nilicheka. Lile jibu lilinichekesha. Nilishika nguzo nikacheka mpaka macho yakaniziba, na nilikuwa natafuta la kumrudishia, kubwa zaidi. Sikutaka kuwa mimi wa kwanza kusema natania. Nilipofungua macho, kipande kilikuwa kwenye mfuko wa askari na Darweshi anapandishwa lori. Ndipo nikapiga kelele. Nilikimbia na lori mpaka barabara kubwa. 'Natania, afande, natania!' Akaniambia utani nikaupeleke kwa mume wangu."

Shangazi Mboni aliendelea kutafuna ukoko. Kisha akamimina maji ndani ya sufuria ili ilowe, akajipangusa mikono kwenye leso.

"Na yeye? Alipokuwa anapanda, alikuwa akicheka?"

"Mwanzoni alikuwa akicheka. Alinitazama. Alikuwa akingoja zamu yangu."

"Haya," shangazi yake akasema. Akainuka kwa kushika goti, akaingia ndani, na Kuluthum akasikia kitanda kikilia. Hakutokea kuswali magharibi na watu wa nyumba. Aliswali peke yake, mlango umerudishwa.

Asubuhi yake lori la Rongai lilipiga honi mapema. Shangazi Mboni aliaga watu wote wa barazani mmoja mmoja. Alipofika kwa Kuluthum alimpa mkono, mkono tu, akamwacha aubusu, akapanda.

Na baraza likajaa. Likajaa kuliko siku zote, kwa sababu habari ilikuwa imeshafika mpaka nyumba za reli. Wanawake ambao kwa miaka mitatu walikuwa wakichagua maneno mbele yake leo walikuja wameachia midomo. Samsam ndiye aliyekuwa akisimulia, amejitwalia kiti cha katikati, na aliisimulia vizuri, kwa sauti ya Darweshi kabisa.

"'Na yule ng'ombe alikuwa na sura kuliko huyu!' Mbele ya askari! Sasa huyo angepona wapi?"

"Mwenyewe alitaka."

"Na huyu dada yetu miaka yote anabeba la mwenzake!" Samsam akamshika Kuluthum kidevu kama mtoto. "Ona alivyokonda. Kwa nini hukutuambia tangu zamani, we?"

Kuluthum aliweka birika chini.

"Yeye hakujitia," akasema. "Ni mimi. Askari alikuwa akimrudishia kipande. Aliningoja mimi niseme neno moja, nami nikakaa nacheka. Mimi ndiye niliyemtoa. Mnanisikia? Nilimtoa mtoto wa shangazi yangu kwa sababu sikutaka kushindwa."

Samsam akapiga makofi, akajitupa nyuma mpaka kiti kikasimama kwa miguu miwili.

"Basi, mwanamke, hitima ilikuwa jana!" akasema, na machozi ya kicheko yanamlengalenga. "Hata amekufa hutaki awe na neno la mwisho!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mtu akapitisha kikombe kijazwe. Kuluthum alifungua mdomo kuwaambia tena, akaona wote wamemgeuzia nyuso zilizochangamka, wanangoja amalizie. Akainua birika, akamimina.